Gari limezimwa, feni bado inazunguka

Saa moja usiku gari linaingia uani. Ufunguo unachomolewa, watoto wanashuka na mabegi ya shule, mama anashusha mfuko wa michembe alionunua njiani. Ugali unapakuliwa. Kabla tonge la kwanza halijafika mdomoni, mtoto wa pili anasema, "Baba, gari linanguruma."

Wote wanatega sikio. Kweli, chini ya boneti kuna kitu kinavuma. Ufunguo upo mezani, kando ya kibakuli cha chumvi, na ndani ya gari hakuna mtu. Lakini feni inazunguka.

Nyumba hii haina haja ya jina, maana Maswa ziko nyingi zinazofanana nayo. Baba mwalimu, mama muuguzi, watoto watatu, bibi mzaa baba anayekaa nao, na gari dogo lililotumika Japani kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam. Limenunuliwa kwa mkopo ambao makato yake yanaonekana kwenye mshahara kila mwezi. Kitabu cha maelekezo kimo kwenye droo ya dashibodi, nacho kimeandikwa Kijapani kuanzia jalada mpaka ukurasa wa mwisho. Katika nyumba ya aina hiyo sauti mpya chini ya boneti si jambo la baba peke yake. Hela ya gari na hela ya ada hutoka mfuko mmoja.

"Ni kawaida," baba anasema. Ndivyo alivyosikia kijiweni. Baada ya dakika tatu hivi kelele zinakoma, na mlo unaendelea.

Aliyemwambia hivyo hakusema uongo, ila hakumaliza maneno. Injini inapofanya kazi, pampu huyasukuma maji yazunguke kati ya injini na rejeta, na pampu hiyo katika magari mengi huendeshwa na mkanda wa injini yenyewe. Gari likizimwa, pampu inasimama, na maji yanabaki palepale yalipokuwa. Chuma cha injini wakati huo bado ni cha moto kuliko maji, kwa hiyo joto linahama kutoka kwenye chuma kuingia kwenye maji. Matokeo yake, kwa dakika kadhaa baada ya kuzima gari, joto la maji hupanda badala ya kushuka. Ni kama sufuria ya maharage iliyoteremshwa jikoni. Moto haupo tena chini yake, lakini mapovu yanaendelea.

Watengenezaji wa baadhi ya magari, hasa mengi ya Ulaya, wameyaunda ili feni iendelee kupuliza kwa dakika chache baada ya ufunguo kuzimwa, mpaka joto hilo litulie. Mwenye gari la aina hiyo akisikia mvumo baada ya safari ndefu, na ukakoma wenyewe, hana la kuhofia. Lakini mengi ya magari madogo ya Kijapani yanayoonekana kwenye barabara za Simiyu hayakupangwa hivyo. Ufunguo ukizimwa, feni nayo inakatika.

Kwa hiyo swali la kwanza pale mezani halikuwa kama magari hufanya hivyo. Lilikuwa kama gari lile lilikuwa likifanya hivyo tangu lilipofika nyumbani. Mwaka na nusu wamekaa nalo, na hakuna siku mtoto yeyote aliwahi kusikia mvumo wakati wa chakula. Watoto ndio mashahidi wazuri wa mambo haya, kwa sababu wao hawajui kipi cha kupuuza.

Wiki ya pili feni haikukoma. Baba alilala akiisikia, akijiambia itazima yenyewe. Alfajiri gari halikuitika hata kidogo, taa za dashibodi hazikuwaka, na majirani wakaitwa kulisukuma. Hesabu yake si ngumu. Betri ya gari dogo kama hilo hubeba kiasi cha ampea 35 kwa saa, na feni ya rejeta inaweza kula ampea 10 au zaidi. Saa tatu au nne zinatosha kuimaliza, na kutoka saa moja usiku mpaka alfajiri ni zaidi ya mara mbili ya muda huo.

Hapo palikuwa na kipimo ambacho hakihitaji fundi wala kifaa. Maji yakiwa bado ya moto, feni inaweza kuwa na sababu ya kuzunguka. Gari likiwa limelala saa kadhaa na injini imepoa, feni inayozunguka haina sababu yoyote ya joto. Kosa liko kwenye umeme, na mara nyingi mkosaji ni kile kiboksi kidogo kinachoitwa rilei.

Rilei ni swichi inayobonyezwa na umeme badala ya kidole. Ndani yake kuna vinundu viwili vya chuma vinavyogusana ili kupitisha umeme mwingi wa feni. Kila vinapogusana na kuachana hutoa cheche, na miaka ikipita vinaungua. Siku moja vinanatana visiachane, na kuanzia hapo feni haijui tena kama ufunguo umezimwa. Zile dakika tatu za usiku wa kwanza yawezekana zilikuwa rilei inayoanza kunata: ilishika, ikapoa, ikaachia.

Kuikagua si kazi kubwa. Boksi la fyuzi na rilei liko chini ya boneti, na kwenye Toyota nyingi mfuniko wake una maandishi RDI FAN kwa feni ya rejeta na CDS FAN kwa feni ya AC. Rilei ya feni ikichomolewa na feni ikasimama, rilei imenata au kuna kinachoiamrisha iendelee. Ikiwekwa nyingine inayofanana nayo kabisa, hata ya kuazima kwenye honi ya gari hilohilo kama namba zake ni sawa, na feni ikatii ufunguo, jibu limepatikana. Rilei ikichomolewa na feni ikaendelea kuzunguka, basi kuna waya uliogusana mahali, au kuna fundi aliyewahi kuiunga feni na betri moja kwa moja na hakusema. Hapo ni kazi ya fundi umeme mwenye kipimo, si ya kubahatisha.

Jambo moja lisisahaulike wakati wa ukaguzi huo. Feni inayojiendesha yenyewe haina ratiba. Inaweza kusimama, mtu akaingiza mkono, ikaanza tena. Waya hasi wa betri ufunguliwe kwanza kabla ya mkono kusogea karibu na mapanga yake, ncha za khanga na mtandio zikae mbali, na watoto wabaki barazani.

Baba hakufanya lolote kati ya hayo. Jirani aliyekuja kusukuma gari alimpa ushauri wa bure: "Mwalimu, hiyo chomoa soketi ya feni tu. Mimi la kwangu lilikuwa hivyo hivyo." Soketi ikachomolewa. Usiku ule kulikuwa kimya, betri ikaamka nzima, na kwa siku tisa mwalimu alikwenda shuleni na kurudi bila tatizo lolote.

Ushauri wa namna hii ndio unaoharibu magari mengi, na unaaminika kwa sababu unaonekana kufanya kazi. Safari ya kwenda shuleni ilikuwa fupi na ya asubuhi, kukiwa bado na ubaridi. Gari likitembea kasi, upepo wa barabarani hupita kwenye rejeta na kufanya kazi ya feni. Feni inahitajika gari likiwa limesimama au linatambaa. Kwa siku tisa gari halikuulizwa swali hilo. Na katika siku hizo tisa hakuna mtu mwingine nyumbani aliyeambiwa kwamba soketi imechomolewa. Haikuwa siri. Baba aliona ni mambo ya gari tu.

Siku ya kumi bibi alikuwa na kliniki Bariadi. Mwalimu alikuwa anasimamia mitihani, kwa hiyo mama ndiye aliyeshika usukani. Kutoka Maswa hadi Bariadi ni kama kilometa 50 za lami, sehemu ya barabara ile inayotoka Mwigumbi mkoani Shinyanga na kwenda kutokea Lamadi. Njia ilikuwa nyeupe, gari likaenda vizuri, bibi akasinzia.

Tatizo lilianza walipoingia mjini. Bodaboda, guta lenye magunia, lori limesimama katikati likishusha mzigo, na AC imewashwa kwa ajili ya bibi. Gari likawa linatembea hatua tano na kusimama. AC ilianza kupuliza hewa ya uvuguvugu, na hiyo nayo ilikuwa taarifa, maana feni zikilala AC huwa ya kwanza kulalamika. Lakini mama hakuwa na sababu ya kuisoma hivyo. Gari lao, kama magari mengi madogo ya siku hizi, halina mshale wa joto kwenye dashibodi. Lina taa tu, ya buluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikizidi moto. Kati ya hizo mbili hakuna neno lolote, na nyekundu ikiwaka hakuna tena onyo la awali.

Iliwaka zikiwa zimebaki kama mita 400 kufika walikokuwa wakienda.

Dereva wengi hapo husema "nimeshafika". Mama naye alisema hivyo, na akaongeza mita 200 kabla mvuke haujatoka pembeni mwa boneti. Mita hizo 200 zilikuja kuwa na gharama yake. Alichotakiwa kufanya taa ilipowaka ni kuzima AC, kufungua hita ya ndani mpaka mwisho wa moto ili ivute joto kutoka kwenye injini, madirisha yote wazi, na kuegesha pembeni mara ya kwanza panapopatikana nafasi, kisha kuzima. Hakuna aliyewahi kumwambia. Shule ya udereva ilimfundisha alama za barabarani na kurudi nyuma kati ya vigingi.

Walipoegesha, vijana wawili wa kijiweni walikuja mbio na moyo mzuri, mmoja ameshika tambara, mwingine chupa ya maji ya baridi. "Mama fungua boneti, tuiongezee maji." Yule mwenye tambara alishaweka mkono kwenye mfuniko wa rejeta. Bibi naye alikuwa ameshuka, amesimama palepale mbele, anachungulia.

"Usifungue!" Mama alipiga kelele ambayo hata yeye mwenyewe ilimshtua. Alimvuta mkwewe nyuma kwa mkono. "Samahani, mama. Sogea huku. Na wewe mwanangu, toa mkono wako hapo."

Yeye ni muuguzi, na amewahi kufunga bandeji kwenye uso wa mtu aliyefungua mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto. Mfuniko ule si kizibo cha kawaida. Una springi inayoyafungia maji kwa shinikizo, na maji yaliyo chini ya shinikizo hayachemki kwenye nyuzi 100. Yanaweza kuvuka 110 yakiwa bado maji. Mfuniko ukilegezwa shinikizo linatoweka ghafla, na maji yale yote yanataka kuwa mvuke kwa wakati mmoja. Yanaruka juu kama yamefyatuliwa, na kilicho mbele yake ni kifua, shingo na macho.

Kwa mtu wa Simiyu mfuniko huo una kazi kubwa kuliko kwa mtu wa Dar es Salaam. Kadiri mahali palivyo juu ndivyo maji yanavyochemka mapema. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi kutoka usawa wa bahari, na Maswa na Bariadi ziko juu ya ziwa hilo. Maji ya wazi kwenye sufuria huko huchemka kabla ya kufika nyuzi 97. Feni za magari mengi hupangwa kuanza kuzunguka kwenye nyuzi 90 na kitu. Maana yake ni kwamba gari lenye mfuniko uliolegea springi au mpira uliokatika linaweza kuchemsha Maswa hata kama lilikuwa salama Pwani, na hata kama feni ni nzima. Mwenye gari akibadilisha rilei na kuacha mfuniko wa zamani, amefanya nusu ya kazi.

Vijana waliambiwa wangoje. Walingoja nusu saa na zaidi, chupa ya maji ya baridi ikiwekwa chini, kwa sababu maji ya baridi yakimwagwa kwenye injini inayowaka hupasua au kupinda chuma. Kama mfuniko ungefunguliwa na mtu akaungua, dawa ya kwanza ilikuwa maji safi ya bomba yatiririke juu ya jeraha kwa dakika 20, kisha kituo cha afya. Si dawa ya meno, si mafuta ya kupikia, si unga wala majivu. Muuguzi huyu hulirudia hilo karibu kila wiki, na kila wiki analetewa mtoto aliyepakwa dawa ya meno.

Bibi alikwenda kliniki kwa bajaji, akaonwa na daktari, akarudi amekaa kwenye kivuli akinywa soda. Gari lilirudi Maswa siku iliyofuata likiwa limefungwa kamba nyuma ya lori dogo.

Gereji ndipo hesabu ilipopigwa. Rilei ilikuwa imenata, vinundu vyake vyeusi kama mkaa. Gasketi ya hedi ilikuwa imeungua, na hedi yenyewe ilibidi ipelekwe kunyooshwa. Fundi aliiweka rilei kwenye kiganja cha mwalimu bila kusema kitu. Ni kitu cha ukubwa wa kiberiti, na bei yake haiwezi kulinganishwa na kazi iliyokuwa imelala pale sakafuni kwenye karatasi la nailoni, vali moja moja. Feni inayozunguka muda wote inaua betri. Isiyozunguka inaua injini. Kama mwalimu angeiacha ivume na kufungua tu waya wa betri kila usiku, au kuchomoa rilei akilala na kuirudisha kabla ya kuwasha gari, angekuwa na usumbufu wa wiki mbili, basi.

Fundi mdogo wa pale alikuwa na pendekezo lake. "Mwalimu, tuiunge dairekti, tukuwekee na swichi hapa kwenye dashibodi. Ukitaka unawasha, hutaki unazima." Magari mengi ya wilayani yamefanyiwa hivyo, na mengine yametolewa hata themostati ili "yasichemshe". Inaeleweka kwa nini. Vipuri halisi viko mbali, na mteja anataka gari leo. Lakini swichi ile inategemea mtu kukumbuka, na mtu anayekumbuka ni mmoja tu katika nyumba yenye madereva wawili. Injini isiyo na themostati nayo huchelewa kufika kwenye joto lake la kazi, ikala mafuta zaidi na kuchakaa taratibu bila kelele.

Mama ndiye aliyejibu, baba akiwa bado anafikiria. "Hapana, fundi. Rudisha kama ilivyotoka kiwandani. Mimi nataka gari ambalo hata shemeji yangu akiliazima linajua lenyewe la kufanya."

Fundi mkubwa, aliyekuwa chini ya gari jingine, alicheka na kutoka. Ndiye aliyeuliza swali ambalo wengine hawakuuliza: kwa nini rilei iliungua? Alimulika tochi kati ya rejeta ya maji na ile ya AC iliyo mbele yake, akavuta kwa koleo kitu kama blanketi. Kilikuwa vumbi, mabawa ya wadudu, mbegu za majani, na nyuzi za pamba. Simiyu ndio mkoa wa pamba. Wakati wa mavuno malori na matela hupita yakiwa yamesheheni, na kila gari linaloyafuata hunyonya nyuzi zinazopeperuka. Kwa mbele rejeta ilionekana safi. Uchafu wote ulikuwa katikati, pasipoonekana bila kulegeza bolti nne. Rejeta iliyozibwa huifanya feni ifanye kazi karibu kila dakika, mota inachoka na kuvuta umeme mwingi, na vinundu vya rilei vinalipia.

Waliiosha kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, maana maji makali hulaza yale mapezi membamba na kuiziba upya. Wakaweka rilei mpya, mfuniko mpya, na kulanti badala ya maji ya kisima, ambayo huacha magadi na kutu ndani ya rejeta. Kisha fundi mkubwa alimwita mama, si baba, akamwonyesha jinsi ya kuipima feni kila mwisho wa wiki: washa injini, washa AC, shuka uchungulie. Kwenye gari lile feni zinatakiwa kuzunguka muda uleule AC inapoanza. Zisipozunguka, gari lisitoke mjini. Na maji yaangaliwe asubuhi, injini ikiwa baridi, kwenye chupa ya pembeni yenye alama mbili.

Jioni ile walirudi nyumbani polepole. Gari lilizimwa uani, na mtoto wa pili hakushuka na wenzake. Alibaki amesimama mbele ya boneti, kichwa ameinamisha upande mmoja. Hakukuwa na kitu cha kusikia zaidi ya chuma kinachopoa, tik, tik, tik.

Ndani, baba alichana karatasi kwenye daftari la andalio la somo akaandika kwa herufi kubwa: TAA NYEKUNDU: AC ZIMA, HITA FUNGUA, EGESHA, ZIMA, USIFUNGUE MFUNIKO. Akampa mama aiweke kwenye droo ya dashibodi, juu ya kile kitabu cha Kijapani. Mama aliisoma, akaikunja, halafu akamtazama.

"Baba watoto, kuna kitu gani kingine kwenye hilo gari ambacho mimi sikijui?"

Baba alifikiri kidogo.

"Tairi la akiba," alisema. "Halina upepo tangu mwezi wa sita."